Kasoro za Chipu Zinavyoweza Kulinda Betri ya Moyo

Agosti 2017, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba betri za moyo, yaani vifaa vya kurekebisha mapigo, zipatazo 465,000 nchini humo zilihitaji programu mpya. Mtu mwenye nia mbaya, akiwa na vifaa vinavyouzwa madukani, angeweza kukiingilia kwa redio kifaa kilichomo kifuani mwa mgonjwa, akamaliza chaji yake au akavuruga mapigo. Hakuna aliyeripotiwa kudhurika. Lakini betri ya moyo itajuaje kwamba anayeiamuru ni daktari?

Njia ya kawaida ni ufunguo wa siri, yaani mfululizo wa sifuri na moja. Taabu ni mahali pa kuuweka. Ukiandikwa kwenye chipu unabaki humo hata umeme ukizimwa, na mwenye maabara nzuri anaweza kuuchimbua. Jibu mojawapo, ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika fani hii, ni kutouandika kabisa.

Siri hiyo hutafutwa katika transista, swichi ndogo za umeme zinazounda chipu. Transista za kisasa hupimwa kwa nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ili zipitishe umeme inavyotakiwa, silikoni huchanganywa na atomu za boroni au fosforasi. Transista ikiwa ndogo mno, atomu hizo huwa makumi tu, na hakuna mtambo wa kiwandani unaoweza kuamuru kila moja itue wapi. Kwa hiyo transista mbili zenye mchoro mmoja hazitoki sawa. Wahandisi walizihesabu tofauti hizi kuwa balaa.

Mwaka 2007, watafiti wa Philips nchini Uholanzi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, kila kundi kivyake, walionyesha jinsi ya kuzitumia tofauti hizo kama ufunguo. Waligeukia SRAM, kumbukumbu iliyomo katika chipu nyingi. Kila kijumba chake kina transista sita, zilizogawanyika pande mbili kama watu wanaovutana kamba. Umeme ukiwashwa, kabla programu haijaandika chochote, upande uliozidi nguvu kidogo hushinda, na kijumba kinasomeka sifuri au moja. Mshindi huwa yuleyule karibu kila mara, na mpangilio wa vijumba vyote haufanani na wa chipu nyingine, hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja. Ufunguo huzaliwa umeme unapowaka na hutoweka unapozimwa.

Neno “karibu” ndilo lenye kazi. Joto, baridi na uchakavu hugeuza baadhi ya vijumba, na ufunguo uliokosewa tarakimu moja haufungui kitu. Kwa hiyo chipu hutumia hesabu za kusahihisha makosa kila inapowashwa.

Wala kinga hii si kamili. Mwaka 2013 watafiti wa Berlin walitumia miali ya ioni kurekebisha transista za chipu hadi ikatoa mpangilio wa chipu nyingine. Walihitaji chipu yenyewe mezani na mtambo wa gharama kubwa, vitu ambavyo mdukuzi wa redio aliye nje ya kifua cha mgonjwa hana.

Hospitali zetu zinaponunua vifaa vya kupandikizwa mwilini, zisiishie kuuliza bei na umri wa betri. Zimuulize muuzaji pia: ufunguo wa siri wa kifaa hiki unakaa wapi?