Fahamu: Kwa nini kidonda cha kisukari hakitibiwi kwa kubahatisha
Mfanyakazi wa mashamba ya maua anayeishi mtaa wa Karagita hushinda ndani ya gambuti, miguu ikiwa na joto na unyevu. Kisukari kikishatia nyayo ganzi, kijiwe humchubua asihisi, na kidonda hugunduliwa kikiwa tayari kinanuka. Wengi hukimbilia kemisti kununua amoksilini, na hapo ndipo ilipo hatari. Stafilokokasi, bakteria wa kawaida sana katika vidonda hivi, mara nyingi hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Sudomonasi, bakteria mwingine anayependa unyevu, ni sugu kwake kwa maumbile.

Kipimo kitangulie dozi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unapendekeza kidonda kinachoshukiwa kuwa na maambukizi kisafishwe, kisha nyama ya ndani ikwanguliwe na kupelekwa maabara, kwa sababu pamba inayopitishwa juu huokota hata bakteria wasiosababisha ugonjwa. Kidonda kisicho na dalili za maambukizi, kama usaha, uvimbe, joto, maumivu au wekundu (ambao kwenye ngozi nyeusi hujificha), hakihitaji antibiotiki kabisa.

Wapo watakaosema majibu huchukua siku kadhaa na mguu hausubiri. Ni kweli, wala hakuna anayetaka usubiri. Sampuli ichukuliwe, matibabu yaanze siku hiyo hiyo kwa dawa atakayochagua daktari, kisha ibadilishwe majibu yakidai hivyo. Kinachochelewesha ni wiki mbili za vidonge visivyofanya kazi. Mapigo ya mshipa wa mguu nayo yapimwe: damu isipofika kidondani, hata dawa sahihi haifiki.