Bakapu ya bure na bili ya kurudisha data

Wanaonunua huduma ya hifadhidata ya wingu huuliza swali moja tu kuhusu bakapu: ni shilingi ngapi kwa mwezi? Mwenye duka la dawa, chama cha kuweka na kukopa au shule iliyotengenezewa programu ya simu hulipa hela hiyo bila hata kuihisi. Uzito wake huja siku kijana wa zamu anapofuta orodha ya wateja, au toleo jipya la programu linapogeuza salio la kila mwanachama kuwa sifuri. Hapo ndipo unataka kujua unaweza kurudi nyuma hadi lini, nani atakurudishia, na data itatua wapi. Kwa maswali hayo nimepima huduma nne zinazohifadhi data kwa mtindo wa nyaraka: Firestore ya Google, Atlas ya MongoDB, Cosmos DB ya Microsoft na DocumentDB ya Amazon. Bei ni za dola na hutofautiana kwa kanda, kwa hiyo zihakiki kwenye kanda yako kabla ya kutoa kadi.

Kabla ya hapo, usikubali kuambiwa kwamba data yako ni salama kwa kuwa iko kwenye seva tatu. Seva tatu hukulinda seva moja ikiharibika. Ukifuta waraka kwa makosa, seva zote tatu zinafuta, tena kwa utii mkubwa.

Firestore ndiyo inayowapata watu wengi, kwa sababu kuanza nayo ni bure: gigabaiti 1 ya hifadhi, na kila siku usomaji 50,000 na uandishi 20,000. Ila huduma zake za bakapu haziguswi mpaka uunganishe akaunti na malipo. Ukishaunganisha, una njia tatu, na mafundi wengi huchagua ile ghali bila kujua. Njia hiyo ni kutoa data yote kila usiku na kuiweka kwenye ghala la mafaili. Google huhesabu kila waraka unaotolewa kama umesomwa mara moja. Chukua mfumo wenye nyaraka milioni 20, ambazo zikiwa ndogo ndogo hazizidi gigabaiti 10. Kwa bei ya senti 6 za dola kwa kila usomaji 100,000, kutoa mara moja ni dola 12, na kila usiku kwa mwezi ni dola 360. Kuirudisha huhesabiwa kama kuandika; kwa senti 18 kwa kila 100,000 inakuwa dola 36. Bili hii hutokana na idadi ya nyaraka, si ukubwa wa data. Mwenye risiti ndogo milioni moja analipa sawa na mwenye mikataba minene milioni moja.

Njia ya pili ni bakapu ya ratiba, ya kila siku au kila wiki, inayoweza kukaa hadi wiki 14. Hii hutozwa kwa gigabaiti, kwa hiyo mwenye nyaraka nyingi ndogo hupumua. Ya tatu ni kurudi hadi dakika unayoitaka ndani ya siku 7 zilizopita. Usipoiwasha, una saa 1 tu ya nyuma, na ukiiwasha leo huwezi kurudi jana. Uzuri wake ni kwamba unaweza kusoma waraka mmoja ulivyokuwa juzi na kuuandika upya, bila kugusa mengine. Bakapu ya ratiba haina ulaini huo: hurudi kama hifadhidata mpya kabisa, na fundi lazima aielekeze programu huko au ahamishe data mwenyewe. Weka gharama ya siku hiyo ya fundi kwenye hesabu yako, maana haiko kwenye ukurasa wa bei.

Cosmos DB ndiyo yenye mtego mbaya zaidi. Usipochagua chochote, inachukua bakapu kila baada ya saa 4 na kuhifadhi mbili za mwisho, bure. Maana yake una saa 8. Data ikiharibika Ijumaa jioni na ukagundua Jumamosi mchana, nakala zote mbili zimeshachukua uharibifu huo. Tena huwezi kurudisha mwenyewe. Unaandikia Microsoft wakusaidie, na unatakiwa uwe na mpango wa msaada wa kulipia. Dawa ipo: bakapu endelevu ya siku 7, ambayo uhifadhi wake hautozwi, na kurudisha ni senti 15 kwa gigabaiti. Kwa gigabaiti 10 ni dola 1 na nusu. Ya siku 30 ni senti 20 kwa gigabaiti kwa mwezi, kwa kila kanda. Ukishahamia huko huwezi kurudi kwenye bakapu ile ya kwanza, na sioni kwa nini ungetaka kurudi.

Atlas ina daraja la bure la megabaiti 512, ambalo halina bakapu kabisa. La kujifunzia ni zuri, la biashara hapana. Daraja la Flex huanza dola 8 na haliwezi kuzidi dola 30 kwa mwezi. Lina bakapu ya kila siku ndani yake na nafasi ya gigabaiti 5. Ukitaka mashine yako peke yako ni M10, karibu dola 57 kwa mwezi, na bakapu inalipiwa juu yake.

DocumentDB hurudi hadi siku 35, na bakapu ni bure mpaka ifikie ukubwa wa data yenyewe. Ila chaguo la kuanzia ni siku 1, na mashine unailipia usiku na mchana hata kama hakuna mteja. Si ya mdogo.

Wapo wanaotumia programu ya bure ya mongodump na kuweka nakala kwenye diski ya ofisini. Sipingi, lakini kwa intaneti inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, gigabaiti 10 zitachukua kama saa 11 kurudi. Na diski hiyo iliyoko drooni ina taarifa za wateja zinazolindwa na sheria, ya mwaka 2022 kwa Tanzania na 2019 kwa Kenya. Ifungwe kwa nywila.

Kwa biashara yenye data chini ya gigabaiti 5, ningechukua Flex, kwa kuwa bili yake ina dari. Aliyeko Firestore aache kutoa data kila usiku, aweke bakapu ya ratiba, na awashe zile siku 7 kama kuna fedha za watu. Aliyeko Cosmos ahamie bakapu endelevu leo. Na huduma yoyote utakayoichagua, mwambie fundi arudishe nakala moja kwenye hifadhidata ya majaribio mbele yako kabla hujamlipa salio lake.