Kabla hujampelekea mjenzi mbao, zipime uzito



Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Masukulu alinipigia simu alfajiri. "Bwana shamba, zile mbao zetu zimekuwa kama mashua. Tajiri amezuia hela iliyobaki."

Nikajua anaongelea nini. Yeye na wenzake watatu walivuna misindano yao, wakauza mbao kwa mtu anayejenga vibanda vya mapumziko upande wa Ziwa Masoko, lile tunaloliita pia Kisiba. Ni vibanda vya wageni wanaotafuta utulivu: kulala bila kelele, kutembea chini ya miti, kufanya yoga asubuhi. Kuta mbao, sakafu mbao, dari mbao. Sasa sakafu imeachana, katikati ya mbao na mbao kidole kinaingia.

Niseme ukweli, kosa ni langu pia. Mbao zilipasuliwa Jumatatu, zikapelekwa Ijumaa, na mimi ndiye niliyewaambia wawahi kabla mteja hajabadili mawazo. Nilifikiria soko, sikufikiria maji.

Maji yenyewe ni haya. Gogo la msindano likianguka leo, maji yaliyomo yanaweza kuzidi uzito wa mti mkavu wenyewe. Maji ya kwanza kutoka ni yale yaliyojaa kwenye matundu ya mti, na hapo mbao haibadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, yanaanza kutoka yaliyo ndani ya nyuzi zenyewe, na hapo ndipo mbao inasinyaa. Tena haisinyai sawasawa. Kwa kufuata mzunguko wa pete za mti inasinyaa karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda gome, ndiyo maana inapinda. Ubao wa inchi 6 uliopigwa misumari ukiwa mbichi unaweza kupungua milimita 4 au 5 ukikauka. Hesabu mwenyewe chumba kizima.

Utajuaje imekauka? Kipo kifaa cha kupimia, lakini mzani wa dukani unatosha. Kata kipande katikati ya ubao, siyo mwishoni, maana mwisho hukauka haraka na utakudanganya. Kipime, tuseme gramu 500. Kikaushe juu ya jiko kwa moto mdogo, kisiungue, ukipima tena na tena mpaka uzito ugome kushuka. Kikigota gramu 400, maji yalikuwa gramu 100. Gawanya 100 kwa 400: asilimia 25. Hiyo bado. Kenchi na fremu za kuta zikifika chini ya 20 unaweza kuuza, na chini ya hapo ukungu wa kuozesha hauna nguvu. Sakafu na dari zinataka 12 mpaka 15.

Kwa mvua zetu hiyo siyo kazi ndogo. Miezi yenye nafuu huku ni Agosti hadi Oktoba, kwa hiyo pasua Julai. Panga mbao juu ya mawe au matofali, nusu mita kutoka ardhini, chini ya bati, pande zikiwa wazi upepo upite. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vikavu vya unene wa inchi moja, kila nusu mita, na vijiti vya juu vilingane na vya chini kwa mstari mmoja. Vikipishana, mbao zitapinda hapo hapo. Juu weka mawe mazito. Vichwa vya mbao vipake rangi yoyote iliyobaki nyumbani ili visipasuke. Usifunike rundo kwa turubai! Nimeshaona mbao zikiwa za bluu kwa kuvu ndani ya wiki mbili.

Ubao wa inchi moja uhesabie miezi miwili, mitatu. Wa sakafu, umalizie ndani ya chumba chenye joto.

Halafu umri. Wengi wetu tunakata misindano kabla haijafika miaka 10 kwa sababu ada ya shule haisubiri. Naelewa. Ila mti mchanga ni laini na unapinda zaidi, na asiyepogolea anauza vifundo. Mlingoti ni mgumu na mzuri kwa nguzo, lakini hupasuka sana ukikauka, na usiupande karibu na chemchemi.

Kuhusu dawa, zile nguzo za umeme zenye ukijani zina shaba, kromiamu na aseniki. Kwa nguzo inayoingia ardhini ni sawa. Kwa sakafu ya mgeni anayetembea peku, hapana. Marekani viwanda viliacha kuiuza kwa matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Vipande vyake usichome, hata kwa kupikia pombe. Mbao na mianzi ya ndani tumia boraksi na asidi ya boriki, ukijua kwamba mvua huziosha, kwa hiyo nje hazifai.

Kazi kubwa ya kulinda mbao inafanywa na paa na msingi. Mawe ya volkano tunayo bure, nguzo ya mbao isimame juu ya jiwe, isizikwe. Paa litoke nje ya ukuta karibu mita moja. Kisiwani Chumbe, Zanzibar, vibanda vya wageni vimejengwa paa likusanye maji ya mvua ya kutumia mwaka mzima. Sisi tunaopata mvua nyingi hivi bado tunaiacha ipige ukuta. Na wazee wetu walijua. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879, alisifia nyumba na vijiji vyao, na nyumba zile zilikuwa za mianzi.

Mnaotaka kujenga wenyewe ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Na mbao zikitoka shambani ziwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, hata kama mti uliupanda mwenyewe.

Wale vijana wanne tulienda pamoja kwa mjenzi. Amekubali sakafu ing'olewe, mbao zilezile zikaushwe, zirandwe na kupigwa upya, gharama ya fundi wakigawana nusu kwa nusu. Rundo lipo nyuma ya nyumba ya mmoja wao. Alhamisi iliyopita kipimo kilikuwa 19.