Akili na Mipaka Yake

Vijana wetu wanaosoma falsafa hutuuliza tukutanapo misikitini, Posta na Kariakoo: je, akili peke yake haimtoshi mwanadamu?

Wanafalsafa wa Kijerumani wenyewe walihitilafiana. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1781, alisema akili ina mpaka: ikivuka yale tunayoweza kuyahisi, haiwezi kuthibitisha wala kukanusha kuwepo kwa Mungu. Imam Ghazali (aliyefariki 505 H/1111) alikwishawakosoa wanafalsafa kwa kudai yakini isiyo na hoja katika mambo ya Mungu.

Hegel hakuukubali mpaka huo. Kwake yeye, akili ndiyo inayoitawala historia yote. Lakini katika darsa zake za Berlin, miaka ya 1820, alihukumu kuwa Afrika ya kusini mwa Sahara haina historia. Kumbe msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 H (1107), na Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, miaka 500 kamili kabla ya Hegel kufariki!

Kosa hapa si kutumia akili, bali ni kuhukumu bila habari. Mafakihi wetu wanasema kiasi hakisimami bila asili, na kadhi hahukumu bila ushahidi. Qur'an nayo (17:36) inatukataza kufuata tusiyoyajua.

Basi vijana wasiidharau akili, wala wasiiabudu. Waipe kwanza elimu, ndipo waitake hukumu.

Wallahu aalam.