Je, Wajua? Wasichana wa Girton na Shahada Iliyochelewa Miaka 75

Je, wajua kwamba chuo cha kwanza cha bweni kilichofunguliwa Uingereza ili wanawake wasome hadi kiwango cha shahada kilianza na wanafunzi watano tu, tena kwenye nyumba ya kupanga?

Tarehe ilikuwa 16 Oktoba 1869, mahali ni Hitchin, mji mdogo ulio kama kilomita 40 kutoka Cambridge. Nyumba yenyewe iliitwa Benslow House. Hitchin ilichaguliwa kwa hesabu kali. Ilikuwa kwenye reli, hivyo wahadhiri wa Cambridge waliweza kupanda garimoshi, wafundishe, kisha warudi kwao. Wakati huohuo ilikuwa mbali na vijana wa kiume wa chuo kikuu, na umbali huo ndio uliowatuliza wazazi na magazeti. Wanafunzi walipoongezeka, vyumba havikutosha, ikabidi nyumba ya mabati isimamishwe kwenye bustani ili wengine wapate pa kulala. Aliyewahi kusoma chini ya bati siku ya mvua hahitaji kuelezwa maisha yalikuwaje humo.

Mama wa chuo hiki ni Emily Davies, binti wa mchungaji, aliyezaliwa mwaka 1830. Kaka yake alisoma Cambridge. Yeye aliishia kufundishwa nyumbani. Kabla ya kuanzisha chuo alikuwa ameshaonja harakati. Mwaka 1866 yeye na Elizabeth Garrett walibeba hadi Bungeni, Westminster, hati ya wanawake waliodai haki ya kupiga kura, yenye sahihi karibu 1,500. Hati ilikuwa bunda kubwa na wao waliona haya kusimama nalo mbele za watu, basi wakamwomba mama muuza matofaa aliyekuwa pale awafichie chini ya meza yake, mpaka mbunge John Stuart Mill alipotokea kuipokea. Fedha za kuanzia chuo nazo zilitafutwa kwa shida. Rafiki yake Barbara Bodichon, mchoraji, aliahidi pauni 1,000, na ada ikapangwa kuwa pauni 105 kwa mwaka, kiasi ambacho familia nyingi zisingeweza hata kukifikiria.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba upinzani mkali haukutoka kwa maadui peke yao. Marafiki wa elimu ya wanawake, akiwemo mwanafalsafa Henry Sidgwick wa Cambridge, walitaka wasichana watungiwe mitihani yao maalumu. Hoja yao ilikuwa na uzito. Wavulana walikuwa wamekaririshwa Kilatini na Kigiriki tangu utotoni, ilhali wasichana wengi hawakuwahi kuona hata herufi za Kigiriki. Kwa nini kuwabebesha mzigo huo katika miaka mitatu? Davies alikataa katakata. Mitihani ileile, masomo yaleyale, muda uleule. Sidgwick akaendelea na njia yake, na mwaka 1871 akafungua Cambridge nyumba ya wasichana ambayo baadaye ikawa chuo cha Newnham.

Nawaheshimu wote wawili, lakini naamini Davies ndiye aliyeona mbali. Mtihani uliotungwa kwa ajili ya wanawake pekee ungedharauliwa siku ileile ulipotangazwa, na cheti chake kingepewa nusu ya thamani. Wanafunzi wake walilipa gharama ya uamuzi huo kwa usiku mwingi wa kukesha na vitabu vya sarufi, na matokeo yake yaliwalinda wote waliowafuata.

Wasichana hao wa kwanza hawakuwa wanyonge hata kidogo. Mwaka 1871 waliigiza vipande vya tamthilia za Shakespeare wakiwa wamevaa mavazi ya kiume. Davies alishtuka, maana alijua habari hiyo ikifika magazetini chuo kitachekwa kabla hakijasimama. Akawakataza. Nao wakasimama kidete wakidai kwamba wao ni watu wazima na wanajua wafanyalo. Ugomvi huo uliacha kidonda kwa muda mrefu. Mmoja wa waliokuwepo, Louisa Lumsden, baadaye alikuwa mkuu wa shule ya wasichana ya St Leonards huko Scotland, akapewa pia heshima ya Dame.

Mwanzoni mwa 1873 wanafunzi watatu walikuwa tayari kwa mtihani wa mwisho wa Cambridge. Sarah Woodhead alifanya hisabati. Rachel Cook na Lumsden walifanya Kilatini na Kigiriki. Chuo kikuu hakikuwa na kanuni ya kuwapokea, kwa hiyo ilitegemea hisani ya watahini mmoja mmoja. Wasichana hawakukaa ukumbini na wengine. Walikaa chumbani hotelini, University Arms, wakingoja mjumbe awaletee maswali. Siku ya kwanza ya mtihani wa Kilatini na Kigiriki mjumbe alichelewa. Lumsden na Cook wakasubiri roho juu, huku Emily Davies ameketi karibu na moto akifuma sufi, sindano zikigongana, kana kwamba hakuna kilichoharibika.

Wote watatu walifaulu. Habari za Woodhead zilipofika Hitchin, wenzake walipanda juu ya paa wakapiga kengele ya hatari kwa furaha, hata polisi wa mji wakaanza kuandaa gari la zimamoto. Shahada, hata hivyo, hawakupewa. Cambridge haikuwapa hata karatasi rasmi ya kuonyesha kwamba wamefaulu.

Vuli ya mwaka huohuo chuo kilihamia jengo lake jipya la matofali mekundu kijijini Girton, karibu kilomita 4 kutoka katikati ya Cambridge. Msanifu wake, Alfred Waterhouse, ndiye pia aliyebuni Makumbusho ya Historia Asilia ya London. Kila mwanafunzi alipewa chumba cha kulala na kingine cha kusomea. Kwa binti ambaye nyumbani alikuwa akiitwa kila dakika kummiminia mgeni chai au kukaa na mama mgonjwa, mlango wa kujifungia na kitabu ulikuwa utajiri.

Je, wajua kwamba Girton ilikuwa na kikosi chake cha zimamoto, na wazimamoto wake wote walikuwa wanafunzi wa kike? Mji ulikuwa mbali, wakaona ni heri wajitegemee. Miongoni mwa waanzilishi wake ni Hertha Ayrton, mtoto wa fundi saa Myahudi, aliyefika chuoni kwa msaada wa Bodichon. Baadaye alitafiti cheche ya umeme iliyokuwa ikiwasha taa za barabarani, na mwaka 1899 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika taasisi ya wahandisi wa umeme ya Uingereza. Mwaka 1902 jina lake lilipelekwa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza, likakataliwa kwa sababu sheria haikumtambua mwanamke aliyeolewa. Miaka minne baadaye jumuiya hiyohiyo ikamtunuku Medali ya Hughes kwa utafiti wake.

Aliyevunja ukimya, lakini, ni Charlotte Scott. Mwaka 1880 alishika nafasi ya nane katika mtihani wa hisabati, uliohesabiwa kuwa mgumu kuliko yote Cambridge. Matokeo yalisomwa hadharani katika Ukumbi wa Seneti, mshindi mmoja baada ya mwingine. Jina lake halikuruhusiwa kusomwa, wala yeye hakuruhusiwa kuwepo. Msomaji alipofika nafasi ya nane, kabla hajataja mwanamume aliyewekwa hapo, vijana wa kiume wenyewe wakapaza sauti, “Scott wa Girton!”, wakaendelea kushangilia na kupunga kofia. Natamani kila anayesimulia historia ya Cambridge aanzie hapo, kwa sababu siku ile wanafunzi waliwatangulia walimu wao. Maombi yakakusanywa nchi nzima, na Februari 1881 chuo kikuu kikapiga kura kuwaruhusu wanawake rasmi kufanya mitihani na kupata vyeti vya matokeo. Waliopinga walikuwa 32 tu. Scott alivuka bahari mwaka 1885 akafundishe hisabati chuo cha Bryn Mawr, Marekani, alikosimamia wanawake kadhaa hadi wakapata udaktari.

Mwaka 1887 Agnata Ramsay, naye wa Girton, alikuwa mtu pekee aliyewekwa kundi la juu kabisa la daraja la kwanza katika Kilatini na Kigiriki. Hakuna mwanamume aliyefika hapo mwaka ule.

Ungedhani baada ya hayo shahada ingefuata. Mei 1897 suala lilipelekwa kwenye kura. Wahitimu wa zamani walimiminika kwa garimoshi maalumu kutoka London ili wakatae, na zaidi ya 1,700 walikataa dhidi ya wasiofika 700. Mkabala na Ukumbi wa Seneti, juu ya duka la vitabu, ilikuwa imening'inizwa sanamu ya mwanamke akiwa juu ya baiskeli. Kura ilipotangazwa, umati uliishusha, ukaikata kichwa na kuirarua vipandevipande.

Baadhi walitafuta mlango wa nyuma. Kati ya 1904 na 1907 Trinity College ya Dublin ilikubali kuwapa shahada wanawake waliofaulu Cambridge na Oxford, na zaidi ya 700 walipanda meli kwenda Ireland, wakavaa joho, wakapokea, wakarudi. Watu wakawaita mabibi wa meli.

Chuo hiki kina uzi unaofika hata pwani yetu. Mshairi Sarojini Naidu wa India aliwahi kusoma Girton katika miaka ya 1890. Januari 1924, karibu miaka miwili kabla ya kuwa rais wa chama cha Congress cha India, alikuwa Mombasa akiongoza mkutano wa Wahindi wa Afrika Mashariki, wakati madai yao ya ardhi na kura nchini Kenya yakiwa moto.

Emily Davies alifariki Julai 1921, akiwa na miaka 91. Alikuwa ameshapiga kura ya ubunge, lakini hakuwahi kumwona mwanafunzi wake hata mmoja akitunukiwa shahada na Cambridge. Miezi michache baadaye wanaume wa chuo kikuu walikataa tena, wakatoa cheo cha jina tu, na kundi la vijana likavunja lango la Newnham kwa mkokoteni. Oxford ilikuwa imeshakubali mwaka 1920. Cambridge ilianza kuwapa wanawake shahada mwaka 1948, na mwanamke wa kwanza kutunukiwa alikuwa Malkia Elizabeth, mke wa Mfalme George VI, kwa shahada ya heshima. Waliosoma na kufaulu kabla ya hapo walisubiri zaidi: Julai 1998 chuo kikuu kiliwaalika kwenye sherehe, na takriban 900 kati yao, wengi wakiwa bibi vizee, walifika Cambridge.