Kusafisha Kibodi ya Kompyuta Nyumbani kwa Usalama

Katika makazi mengi ya Dubai, hasa vyumba vya pamoja vya Deira, Satwa na Karama, kibodi moja hutumiwa na watu kadhaa. Mmoja huitumia arudipo zamu ya usiku, mwingine husomea, na watoto huichezea jioni. Aghalabu meza iliyowekwa kompyuta ndiyo hiyohiyo ya kulia chakula. Jasho, mafuta ya ngozi, makombo na vumbi la jangwani hujikusanya chini ya vibonye, na viini vya maradhi huhama kutoka mkono hadi mkono.

Kwa mtu mwenye afya njema, uchafu huo si hatari kubwa iwapo mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kula. Madhara makubwa zaidi huweza kutokea wakati wa kuuondoa: dawa kali zinapochanganywa katika chumba kilichofungwa, au vipande vidogo vinapoachwa mahali mtoto anapoweza kuvifikia. Kipeperushi hiki kinaeleza namna ya kuepuka madhara hayo.

Kibodi ya kimakanika

Katika kibodi ya aina hii kila kibonye kina swichi yake yenye springi, na juu yake kuna kifuniko chenye herufi kinachoweza kuchomolewa. Kibodi kamili huwa na vifuniko vipatavyo 104. Kwa hiyo ni rahisi kuisafisha kwa undani, lakini kazi hiyo huacha mezani vipande vingi vinavyotosha kuziba koo la mtoto.

Hewa ya chumba

Miezi ya joto, madirisha ya Dubai hufungwa mchana kutwa. Ieleweke kwamba kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hupoza hewa iliyomo chumbani tu. Hakiingizi hewa mpya kutoka nje. Mvuke wa dawa hubaki ndani na kuzunguka pamoja na ubaridi. Dirisha lifunguliwe kabla ya kazi kuanza na liachwe wazi hadi harufu iishe. Asubuhi na mapema ndio wakati unaofaa. Siku ya upepo wa vumbi kazi iahirishwe.

Mwenye pumu asifanye kazi hii ikiwa yupo mwingine wa kumsaidia. Akilazimika, avae barakoa na awe na dawa yake ya kuvuta karibu.

Hatua za kusafisha

1. Kompyuta izimwe na waya wa kibodi uchomolewe. Kibodi isiyo na waya izimwe na betri zake zitolewe, kama zinatoka.

2. Kibodi ipigwe picha kwa simu, ili mpangilio wa herufi usisahaulike.

3. Watoto wadogo waondolewe chumbani. Vifuniko vichomolewe kwa kikoleo chake, kwa kuvutwa wima bila kupindishwa. Kila kimoja kiwekwe moja kwa moja ndani ya bakuli lenye kifuniko. Vibonye virefu, kama cha nafasi, hushikiliwa na waya mwembamba. Asiye na uzoefu aviache mahali pake.

4. Kibodi igeuzwe na kugongwa polepole juu ya gazeti. Vumbi lililobaki liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu au kwa mashine ya kufyonza vumbi. Lisipulizwe kwa mdomo, kwani hurudi machoni na puani.

5. Vifuniko vilowekwe katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, visuguliwe, visuuzwe, kisha viachwe vikauke usiku kucha kivulini. Jua kali la roshani huweza kupinda plastiki.

6. Sehemu ya juu ipanguswe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya aina ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 70. Alkoholi kali zaidi hukauka upesi mno kabla ya kuua viini. Dawa isimiminwe wala kunyunyiziwa kwenye kibodi.

7. Vifuniko virudishwe na waya uchomekwe baada ya kila kitu kukauka kabisa. Mwisho, mikono ioshwe kwa sabuni.

Palipo na mgonjwa wa kutapika na kuhara, alkoholi peke yake haitoshi, kwa kuwa baadhi ya virusi vya tumbo huistahimili. Kinga kuu ni kunawa kwa maji na sabuni, na mgonjwa asitumie kibodi ya wote mpaka apone.

Mambo yasiyofaa kabisa

Jiki na dawa nyingine zenye klorini zisitumike kwenye kibodi. Zikichanganywa na siki au dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini. Zikichanganywa na dawa ya vioo yenye amonia, hutoa gesi nyingine yenye sumu. Hata zikikutana na alkoholi hutengeneza kemikali zenye madhara.

Alkoholi hushika moto upesi. Isitumike karibu na jiko, sigara, mshumaa au chetezo cha udi chenye makaa. Isihamishiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Kopo la kupulizia vumbi huwa na gesi iliyogandamizwa, na mara nyingi gesi hiyo huwaka. Ikivutwa kwa makusudi huweza kusimamisha moyo. Kopo lisielekezwe usoni, na lisiachwe ndani ya gari wakati wa kiangazi, kwani joto linalozidi nyuzi 50 laweza kulipasua.

Chai ya karaki ikimwagika, waya uchomolewe mara moja, kibodi ifudikizwe na iachwe ikauke kwa siku mbili. Isikaushwe kwa mashine ya nywele yenye joto.

Ajali ikitokea

Dawa ikiingia machoni: macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha mgonjwa aonwe na daktari.

Mvuke ukimlevya mtu au kumkohoza: atolewe nje apate hewa safi. Akishindwa kupumua vizuri, gari la wagonjwa liitwe.

Dawa ikimezwa: mgonjwa asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali pamoja na chupa ya dawa.

Mtoto akipaliwa na kifuniko: akikohoa kwa nguvu, aachwe aendelee kukohoa. Akishindwa kulia au kupumua, ainamishwe na apigwe mara 5 kati ya mabega kwa kiganja, huku mwingine akiita msaada.

Betri ndogo ya duara ikimezwa: mtoto apelekwe hospitali papo hapo, hata akionekana mzima. Betri hiyo huweza kuunguza koo kwa saa 2 tu.

Gari la wagonjwa: 998. Zimamoto: 997. Huduma hizi hupatikana usiku na mchana.