Tairi Pana, Upepo Kiasi
Tunaopanda nao Morningside Jumamosi huniuliza: mbona tairi zako zimelegea? Hazijalegea, ndivyo ninavyozitaka. Tairi ya inchi 2.3 inabeba hewa nyingi, kwa hiyo haina haja ya kujazwa hadi iwe jiwe. Kwenye PSI 25 hivi inabonyea juu ya mawe badala ya kurukaruka, inashika njia, na mikono haifi ganzi. Ile 65 iliyoandikwa ubavuni ni kikomo, siyo kipimo cha kujazia. Mafundi wengi wa mtaani hatuelewani hapo. Mimi nina kilo 62: mbele naweka 24, nyuma 27, maana nyuma ndiko uzito unakokaa. Mwenye kilo 80 aongeze kidogo. Na tumia geji jamani, kidole gumba hakipimi.

Ukipunguza mno, rimu inabana tyubu kwenye jiwe, unapata matundu mawili kama umeumwa na nyoka. Pancha hiyo ikikukuta unateremka kasi, unaweza kuvunjika mkono.

Kabla hujanunua pana zaidi, angalia nafasi kati ya tairi na fremu. Tope la masika nalo linataka pa kupita. Wa lami tu, wa kwenda darasani? Inchi 1.95 na upepo zaidi, basi.